Aziitaye Nyota kwa Majina Hakutusahau

Masomo: Zaburi 147:1-6; Isaya 40:25-31; Mwanzo 15:1-6



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha mwezi huu, wagonjwa kwa wazima. Wale waliofiwa tunawaambia pole, na Bwana awe mfariji wenu.

Mwezi huu tumeona vema kujibu jambo ambalo limezunguka sana katika vikundi vyetu vya maombi. Vijana wetu wa sekondari wamefundishwa habari za galaksi na mwanzo wa ulimwengu. Wamerudi nyumbani wakisema kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, kwamba unazidi kupanuka, na kwamba jua letu ni nyota moja tu kati ya nyota zisizohesabika. Wazazi wengine wameshtuka, wakasema mtoto asirudi tena katika kipindi hicho. Vijana wengine nao wamewacheka bibi zao waliowafundisha kusali. Na katika kikundi kimoja mama mjane akauliza swali ambalo kwetu sisi ndilo zito kuliko yote: kama mbingu ni kubwa namna hiyo, Mungu ataionaje nyumba yangu ya udongo?

Basi tukae tulitazame jambo hili kwa utaratibu. Aogopaye kuuliza hajifunzi, na Mungu wetu hajawahi kukimbia swali la mtu.

1. TUTAZAME KWANZA TUNACHOKIONA

Katika miji mikubwa watu hawazioni nyota vizuri kwa sababu ya taa za umeme. Sisi hapa tuna giza la kutosha. Giza hili tunalilalamikia, na ni haki, maana mtoto hawezi kusoma na mama anaogopa kutoka nje. Lakini usiku wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, tukiinua macho twaona mkanda mweupe unaokatiza anga kama moshi. Ndio Njia Nyeupe, ambayo wengine huita Njia ya Maziwa. Moshi ule si moshi. Ni nyota, nyingi mno na mbali mno, hata jicho haliwezi kuzitenganisha.

Kundi hilo la nyota ndilo linaloitwa galaksi, na sisi tumo ndani yake. Wataalamu hukadiria kwamba galaksi yetu ina nyota bilioni 100 au zaidi. Mtu akihesabu nyota moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, atahitaji zaidi ya miaka 3,000 kuzimaliza hizo bilioni 100. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kutoka kwenye jua hutufikia kwa dakika 8 hivi. Lakini nuru hiyo hiyo huhitaji miaka kama 100,000 kuivuka galaksi yetu toka upande mmoja hadi wa pili.

Tena galaksi yetu si ya pekee. Kwa kuwa tunaishi karibu na ikweta, tumepewa nafasi ambayo watu wengi wa Ulaya hawana. Mwezi wa Novemba na Desemba, mapema usiku, upande wa kaskazini kuna kiraka kidogo cha ukungu. Ni galaksi ya Andromeda. Mwezi wa Desemba na Januari, upande wa kusini, chini karibu na milima, kuna wingu dogo lisilosogezwa na upepo. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu. Nuru ya wingu hilo imesafiri miaka kama 160,000 kutufikia. Nuru ya Andromeda imesafiri miaka milioni 2 na nusu. Na hao ni majirani tu. Galaksi zote zinazoweza kuonekana kwa darubini kubwa hukadiriwa kwa mamia ya bilioni.

2. WALIJUAJE?

Vijana, mtu akikuambia jambo kubwa, muulize amelijuaje. Hilo si kukosa adabu.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua umbali wa vile viraka vya ukungu. Ukiona taa usiku, huwezi kusema kama ni taa ndogo iliyo karibu au taa kubwa iliyo mbali. Aliyetoa ufunguo alikuwa mwanamke wa Marekani, Henrietta Leavitt, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Kazi yake ilikuwa kukagua picha za nyota zilizopigwa kwenye vioo. Alipochunguza Wingu Dogo la Magellan, la anga yetu ya kusini, aliona kwamba kuna nyota ambazo hung'aa na kufifia kwa zamu, na kwamba zile zinazochukua siku nyingi kumaliza zamu yao ndizo zenye mwanga mkubwa zaidi. Mwaka 1912 alionyesha jambo hilo wazi. Tangu hapo, mtu akiona nyota ya namna hiyo, akahesabu siku zake, aliweza kujua ni taa ya ukubwa gani na hivyo iko mbali kiasi gani.

Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson huko California, aliiona nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda. Akapiga hesabu. Akakuta iko mbali sana, nje kabisa ya galaksi yetu. Tangu siku zile watu wakajua kwamba ziko galaksi nyingine.

Kisha likaja jambo la kupanuka. Nuru ya karibu galaksi zote za mbali hufika kwetu ikiwa imenyooshwa, ikielekea rangi nyekundu, na hiyo ni dalili kwamba zinatuacha. Kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyotuacha kwa kasi zaidi. Mama wanaopika maandazi watalielewa hili upesi. Ukichanganya karanga katika unga, ukauacha uumuke, karanga zinaachana. Si kwamba karanga zinatembea. Ni unga ulio kati yao unaopanuka. Ukiwa juu ya karanga yoyote, utaona nyingine zote zinakuacha. Basi hakuna karanga iliyo ya katikati.

Tushike neno hilo, wapendwa. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba tuko pembezoni: mbali na barabara, mbali na hospitali, mbali na kwetu. Lakini katika ulimwengu huu aliouumba Mungu hakuna makao makuu na hakuna pembezoni. Tena ukisimama popote, huko ulikosimama ni karibu na Mungu sawasawa na mahali pengine popote.

3. PADRI NA MTOTO MKIMBIZI

Sasa, kama ulimwengu unapanuka leo, jana ulikuwa mdogo zaidi, na juzi mdogo zaidi tena. Aliyelifuata wazo hili hadi mwanzo wake hakuwa mpinga Mungu. Alikuwa padri. Jina lake ni Georges Lemaître, aliyezaliwa mwaka 1894 huko Ubelgiji, nchi ambayo wengi wetu twaijua kwa habari nyingine.

Lemaître naye aliijua vita. Alikuwa mwanafunzi wa Louvain mwaka 1914 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ubelgiji. Mji wa Louvain ulichomwa, na maktaba ya chuo kikuu ikateketea. Wabelgiji zaidi ya milioni moja walikimbia, wakavuka mipaka kwenda Uholanzi, Ufaransa na Uingereza, kama sisi tulivyovuka. Lemaître aliingia jeshini akakaa vitani hadi mwisho. Baada ya hapo akaenda seminari, akawekwa wakfu kuwa padri mwaka 1923, huku akiendelea na hesabu zake. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 akasema kwamba vyote vilianzia katika hali moja ndogo, nzito, ambayo aliilinganisha na atomu ya kwanza. Wakubwa wengi hawakumsadiki. Hata jina la Mlipuko Mkuu lilitolewa mwaka 1949 redioni na Fred Hoyle, mtaalamu wa Uingereza ambaye hakulikubali wazo lenyewe.

Aliyeleta ushahidi mkubwa alikuwa mkimbizi. Arno Penzias alizaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1933, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 6, alipandishwa treni pamoja na mdogo wake kupelekwa Uingereza, wazazi wakabaki nyuma. Watoto kama 10,000 waliokolewa kwa safari za namna hiyo, na wengi wao hawakuwaona tena wazazi wao. Penzias na mdogo wake walipata neema: wazazi waliweza kuwafuata, na mwaka 1940 familia yote ilifika New York bila mali.

Mtoto huyo alisoma. Mwaka 1964, yeye na mwenzake Robert Wilson walikuwa wakitumia antena kubwa huko New Jersey, wakasikia kelele ndogo isiyokoma. Waligeuza antena pande zote, kelele ikawa ile ile. Wakakuta njiwa wamejenga humo, wakawatoa na kusafisha uchafu wao, kelele ikabaki. Mwaka 1965 ilieleweka kwamba kelele ile ni mabaki ya nuru ya zamani kuliko zote, iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Leo nuru hiyo imepoa hadi nyuzi kama 270 chini ya sifuri, nayo inajaza anga lote, hata hapa tulipo. Lemaître aliletewa habari hiyo akiwa mgonjwa, siku chache kabla ya kufa mwezi Juni 1966. Penzias na Wilson walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Penzias alifariki mwaka 2024.

Kwa nini tumeisimulia habari hii kwa urefu? Kwa sababu wako watoto hapa makazini wanaojiambia kwamba mkimbizi ni mtu wa kupokea tu, asiye na kitu cha kuupa ulimwengu. Mtoto aliyetengwa na wazazi kwenye kituo cha treni ndiye aliyekuja kusikia nuru ya kwanza ya ulimwengu mzima. Mzazi, usilifunge daftari la mtoto wako.

4. JE, HAYA YANAPINGANA NA NENO?

Tunajua kwamba kati yetu wako wanaozisoma siku sita za Mwanzo 1 kuwa siku kama hizi zetu, na wako wanaozisoma kuwa mpangilio wa kazi ya Mungu, wakikumbuka kwamba mtume Petro alisema siku kwa Bwana ni kama miaka elfu. Hatutaki ndugu wagombane kwa ajili hiyo. Lakini hili tunalisema wazi: Mwanzo 1 haikuandikwa ili itupe vipimo. Iliandikwa ili itujulishe aliyeumba ni nani, na kwamba alivyoviumba ni vyema. Vipimo Mungu amewaachia wanadamu wavitafute kwa akili aliyowapa, na mwenye akili akivitafuta kwa uaminifu, haibi kitu cha Mungu.

Upande wa pili nao tuuangalie. Wako wahubiri wanaosema kwamba Mlipuko Mkuu umethibitisha Biblia. Hapo pia tuwe waangalifu. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoonyesha kwamba elimu hii mpya inaafikiana na habari ya uumbaji. Lemaître, padri mwenyewe, hakufurahi. Kwake elimu yake ilikuwa elimu, na imani yake ilikuwa imani. Hakutaka hesabu zake zigeuzwe kuwa nguzo ya kanisa. Alikuwa na busara. Elimu hukua na kujirekebisha. Hata leo wataalamu husema kwamba vitu vyote vya kawaida, nyota na mawe na miili yetu, ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu. Sehemu iliyobaki wameipa majina, lakini asili yake bado wanaitafuta. Ukiijenga imani yako juu ya kitabu cha fizikia, siku kitabu kikibadilishwa nyumba yako itatikisika. Mwamba wetu ni Kristo.

Lakini kuna jambo moja ambalo elimu hii inatukumbusha nalo linatuhusu sana. Mwanzoni ulimwengu haukuwa na chuma wala hewa ya kuvuta. Karibu vyote vilikuwa haidrojeni na heliamu, gesi mbili nyepesi. Nyota zikafanyika kutokana na gesi hizo, na ndani ya nyota, kwa joto kali, vikapikwa kaboni, oksijeni na chuma. Nyota kubwa zilipokufa kwa kupasuka zilivimwaga vitu hivyo angani, na kutokana na vumbi hilo, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, jua letu na kisha dunia yetu vikafanyika. Chuma kilicho katika damu yako kilipikwa ndani ya nyota.

Biblia ilikwisha kutuambia kwamba tu mavumbi. Sasa twajua mavumbi hayo yametoka mbali kiasi gani. Basi atueleze mtu: vumbi la kabila hili na vumbi la kabila lile lilitoka katika nyota mbalimbali? Tulifukuzana kwa sababu ya damu. Tuliwazika ndugu zetu kwa sababu ya maneno ya damu. Na hata hapa makazini, kwenye bomba la maji, maneno hayo hayo yanaanza kunong'onwa tena. Chuma cha damu ya jirani yako ni chuma cha damu yako, na pumzi aliyopuliziwa yeye ndiyo uliyopuliziwa wewe. Anayehubiri chuki ya kabila anapingana na Mwanzo, na anapingana na nyota.

5. MUNGU ALIWAONYESHA NYOTA WALIOHAMA

Sasa turudi kwa swali la mama yetu. Fungueni Biblia zenu katika masomo yale matatu, mwone yalisemwa kwa nani.

Mwanzo 15. Ibrahimu, ambaye wakati huo bado aliitwa Abramu, alikuwa ameiacha nchi yake na jamaa zake. Alikuwa mzee, hana mtoto, anakaa hemani katika nchi ya wengine. Mungu akamtoa nje usiku, akamwambia azihesabu nyota kama anaweza. Jicho la mtu katika giza zuri huona nyota kama 2,500 au 3,000 kwa wakati mmoja. Abramu hakujua kwamba hizo alizoziona zilikuwa chache tu za galaksi moja. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko alivyoweza kuiona. Naye aliamini akiwa bado hemani, kabla ya kupewa hata kipande cha shamba.

Isaya 40. Maneno haya yaliwafikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli. Wababeli walikuwa hodari wa kuzitazama nyota, na waliziabudu. Nabii anawaambia wahamishwa wainue macho wamtafakari yeye aliyeziumba, anayezitoa kama jeshi linavyotolewa kwa hesabu, akiziita kila moja kwa jina, wala haikosekani hata moja. Halafu, mstari wa 27, bila kupumzika, anawauliza: kwa nini mnasema kwamba njia yenu imefichika asiione Bwana? Tazameni! Swali la mama yetu tayari limo katika Biblia, na limewekwa palepale kando ya nyota.

Zaburi 147. Hapa mambo matatu yamefuatana. Kwanza, Bwana anawakusanya watu wake waliotawanyika. Pili, anawaponya waliovunjika moyo na kuwafunga vidonda. Tatu, anaihesabu idadi ya nyota na kuzipa zote majina. Mtu angeweza kudhani kwamba mwenye kazi kubwa ya kuhesabu nyota hana nafasi ya kufunga kidonda cha mtu mmoja. Zaburi inakataa. Mkono ni ule ule.

Wapendwa, sisi twajua maana ya orodha. Twajua siku ya kuhesabiwa, na kusimama juani tangu alfajiri. Twajua uchungu wa kufika mbele siku ya mgao na kuambiwa kwamba jina halionekani, au limeandikwa vibaya, au limehesabiwa kuwa la mtu aliyeondoka. Wako kati yetu ambao jina la mama yao au la mtoto wao halimo katika orodha yoyote ya dunia hii, kwa sababu walibaki njiani, msituni, nasi hatukupata hata muda wa kuweka jiwe. Mungu anayeita majina ya nyota bilioni kwa bilioni, ambazo hakuna binadamu aliyeziona, anayo majina hayo. Hayamponyoki. Kwa Bwana hakuna jina lililoandikwa vibaya.

Mtu atasema: ukubwa huu unanifanya niwe si kitu. Hapana. Mtu mwenye mifuko elfu ya mahindi haokoti punje iliyoanguka, kwa sababu nguvu zake na muda wake vina mwisho. Sisi tukiwa na vingi, tunasahau vidogo. Mungu hana mwisho, kwa hiyo vingi havimchoshi. Ukubwa wa mbingu hauonyeshi udogo wetu mbele zake. Unaonyesha jinsi asivyochoka. Na yeye aliyeviumba vyote hakukaa mbali. Alizaliwa katika zizi, na akiwa bado mchanga alichukuliwa usiku kukimbilia Misri. Bwana wa galaksi zote amewahi kuwa mtoto mkimbizi.

6. TUFANYE NINI?

Kwa wazazi: msiwatoe watoto darasani. Waulizeni walichojifunza, kisha mtoke nao nje usiku, mtazame pamoja, mwombe pamoja. Mtoto anayelazimishwa kuchagua kati ya mwalimu wake na baba yake ataumizwa, vyovyote atakavyochagua.

Kwa vijana: msome kwa bidii, lakini msimcheke bibi. Yeye alikibeba kitabu cha nyimbo kichwani alipoacha sufuria. Alijua kilimia, alijua kwa kilimia hicho majira ya kupanda, wakati wewe hujazaliwa. Unaloweza kumweleza, mweleze kwa heshima. Na analoweza kukufundisha juu ya kumngoja Mungu, hulipati katika fizikia.

Kwa wote waliochoka kungoja: iko nyota ing'aayo iitwayo Vega, twaiona upande wa kaskazini mwezi wa Agosti. Nuru yake husafiri miaka 25 kutufikia. Nuru tunayoiona leo ilianza safari wakati wengi wetu tulikuwa tumeacha nyumba zetu muda si mrefu, vita vikiendelea. Miaka yote hiyo hatukuiona, nayo ilikuwa njiani. Hatusemi kwamba kila tunachongoja kitafika kama tunavyotaka. Wengine tumezeeka hapa, na wengine tumezikwa hapa. Tunasema kwamba ukimya wa Mungu si dalili kwamba hajatuma. Tuendelee kulima vipande vyetu, kusomesha, kupatanishana, na kuomba.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA MAOMBI

a) Katika Isaya 40:27 watu walidhani Mungu hawaoni. Ni wakati gani sisi husema hivyo?
b) Ni jambo gani mtoto wako amejifunza shuleni ambalo hujawahi kumuuliza?
c) Tutamke katika kikundi, mmoja mmoja, majina ya wapendwa wetu waliobaki njiani, kisha tumshukuru Mungu anayeyajua.

TUOMBE

Ee Bwana, Muumba wa mbingu zote, tulizoziona na tusizoziona. Ulituumba kwa vumbi la mbali, ukatuhesabu kila mmoja. Wafunge vidonda waliovunjika moyo. Uwakusanye waliotawanyika. Uwape watoto wetu akili ya kuuliza na moyo wa kukuabudu. Utuondolee chuki ya damu. Na siku utakapoita majina, tuitike wote, sisi na wale tuliowaacha njiani. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote, katika kila hema na kila nyumba.

Ni sisi wachungaji wenu katika Bwana.